Mkate Wenye Chokoleti Ndani

Mdogo wangu Fidelis,

Nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu: ule mkate mdogo wa Kifaransa wenye chokoleti, unaoniuliza kama unajenga mwili, mimi sikuuonja. Huku Mbinga hatujambo, tunachuma kahawa, na Bibi anakusalimu.

Siku niliyomaliza shule ya masista, Sista wa jikoni, Mfaransa, alinipa mkate huo mmoja. Nyumbani nikamkuta Bibi mgonjwa, anakataa hata uji. Nikaumega mbele yake. Juu ulipukutika kwa siagi, ndani ulikuwa mweusi.

“Huyu mzungu aliyeuoka kajifunza wapi kulima mashimo yetu ya ngolo?” Bibi akauliza. “Kafukia majani chini ya udongo mpaka yameoza vizuri!”

Akacheka, akaonja. “Na wewe, wako uko wapi?”

“Nimeula njiani, Bibi.”

Akaumaliza wote, akalamba vidole, kisha akaomba uji.

Sista alisema mkate huo ni siagi na sukari, unatia nguvu ya muda tu. Maharage na samaki ndivyo vinavyojenga mwili. Nami naamini. Lakini kila Bibi anapokaa nasi kula, namshukuru Mungu kwa mkate ule.

Tafadhali, Bibi asijue kwamba ulikuwa mmoja.

Dada yako,
Kristina