Mshtue, Atasema

Goba, 9 Februari 1992

Shikamoo Babu,

Mie mzima, hofu yangu ni kifua chako na hizo sigara. Babu, shule hii siiwezi. Kila kitu Kiingereza. Ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao chenye maandishi shingoni, unatembea nacho mpaka umnase mwenzio naye akisema Kiswahili, ndipo unamvisha yeye. Anayekutwa nacho Ijumaa anachapwa mbele ya shule nzima. Mie nimekutwa nacho Ijumaa mbili. Isingekuwa rafiki yangu Adelina, wa Biharamulo, anayenifunika shuka nikilia, ningeshatoroka. Njoo unichukue.

Mjukuu wako,
Naima

Mwananyamala, 16 Februari

Bibie Naima,

Marahaba. Kifua kipo, sigara zimepanda bei, kwa hiyo nitapona nipende nisipende.

Sikuchukui. Mama yako anauza mitumba juani upate hiyo shule. Nikikurudisha, kibao atanivisha mie. Niliishia darasa la tatu, lakini kunasa watu hakufundishwi darasani. Sikia. Mtu akishtuliwa hakumbuki Kiingereza. Marehemu bibi yako akijidai hajui Kizaramo mbele ya wageni, mpaka siku niliyomwambia panya kaingia kwenye kanga yake. Maneno yaliyomtoka, hata panya angeona haya.

Basi nawe mshtue mtu. Mtafute anayekuamini, ndiye asiyejihadhari.

Babu yako mtukutu,
Mwishehe

Goba, 1 Machi

Shikamoo Babu,

Habari za hapo? Mie sasa nimezoea, silii tena. Dawa yako ni kiboko. Jumatano nilikuwa na kibao asubuhi. Mama yake Adelina kaletwa toka kwao, kalazwa hospitali hapo Mwananyamala. Nikamkimbilia, nikamwambia kwa Kiingereza, mama yako yuko getini. Akapiga kelele, "Mama! Kapona?" Akakimbia na bakuli la uji mkononi. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nikamvisha pale pale getini.

Tangu Alhamisi haonekani, wanasema katoroka. Ijumaa hakuchapwa mtu.

Mjukuu wako,
Naima

Mwananyamala, 3 Machi

Naima,

Salamu yako nimeiona, sijui niiitikieje.

Nilianza kucheka, hilo sikufichi. Nilipofika kwenye bakuli la uji, kicheko kikanikwama. Nikavaa kanzu, nikaenda wodini.

Nimemkuta. Kaja kwa miguu toka Goba. Kakaa sakafuni kando ya kitanda cha mama yake, kibao bado kinaning'inia, kakigeuza tu maandishi yaelekee kifuani. Nikamwambia, "Kivue, mwanangu, hapa hospitali." Akasema, "Bado sijamnasa mtu, Babu."

Mama mtu hawezi hata kukaa. Akaniuliza, "Mzee, wewe ni nani kwetu?" Mie, Mwishehe, niliyemjibu mkoloni, nikaishia kumnyooshea shuka.

Kesho nampeleka shuleni. Mkuu wenu akitaka kumfukuza aanze na mie, maana mwalimu wa ujanja huo ni mie. Lakini fungu lako sikubebei. Nilitaka uzoee shule. Sikudhani utazoea hivyo.

Babu yako

Goba, 15 Machi

Shikamoo Babu,

Natumaini kifua hakikusumbui. Barua hii nimeianza mara nyingi nikachana.

Siku uliyomleta nilikuona dirishani. Uliondoka bila kuniulizia. Adelina hakufukuzwa, kapewa adhabu ya kufyeka, na Ijumaa ile alichapwa. Wiki nzima iliyofuata kibao kikabaki kwake. Watu walikuwa wanajisahau mbele yake, naye hawanasi. Na mie hasemi nami, kwa lugha yoyote.

Alhamisi, kwenye foleni ya ugali, Mwalimu Gaudens kasimama hapo karibu, nikamwuliza kwa Kiswahili, kwa sauti, "Adelina, mama anaendeleaje?"

Foleni yote ikageuka. Adelina alinitazama sana. Kisha akakivua kibao, akanivisha, akalegeza kamba isinikate shingo. Jana yake nilipouliza hivyo kwa Kiingereza alinipita tu. Safari hii pia hakujibu.

Ijumaa nimechapwa. Sijakuandikia uje kunichukua. Naomba uende wodini ukamtazame mama yake, uniandikie ulivyomkuta. Hata kama hali ni mbaya, Babu, usipunguze. Nikimwendea tena na habari za mama yake, ziwe za kweli.

Mjukuu wako,
Naima