Slasha ya Tusekile na Uwanja Wangu

Jumatatu, 10 Machi

Nimefagia, nimewasha moto, nimempelekea Tusekile chai huko nje. Hakunywa, imepoa. Tangu kulipokucha yuko chini ya mashine.

Trekta ni la kikundi chetu cha wakulima wa kahawa hapa Iyula. Dogo, linapita katikati ya mistari ya kahawa bila kuvunja tawi. Nyuma limefungwa slasha, ile mashine bapa yenye visu vinavyozunguka chini na kufyeka majani. Dereva wa zamani kaenda Tunduma kuendesha malori, kikundi kinatafuta mwingine. Binti yangu kasomea ufundi wa mitambo ya shamba. Msichana peke yake darasani, na akawa wa kwanza. Nimeshamwambia kila mtu. Nitawaambia tena.

Wamemwachia trekta wiki hii ajiandae, na Jumamosi atajaribiwa mbele ya kikundi chote. Akifaulu anapewa ufunguo. Akishindwa anakwenda Tunduma kwa mdogo wangu, kuuza vitenge mpakani. Wameshakubaliana kwa simu. Mimi sitaki. Tangu baba yake afariki tuko wawili tu humu ndani.

Kaniuliza kama uwanja wetu umenyooka, maana slasha inarekebishwa mahali palipo sawa. Nikamwambia umenyooka kama meza. Naufagia mwenyewe tangu nilipoolewa. Iyula nzima hakuna uwanja kama wangu, waulize.

Kazima injini, ufunguo kautia mfukoni. Kaweka pima maji, kile kipimo cha waashi chenye kipovu ndani, juu ya bati la slasha. Kapandisha mkono wa kulia unaobeba mashine, kidogo kidogo, mpaka kipovu kikakaa katikati. Kisha mkono wa juu. Mbele pakae chini kuliko nyuma, kama upana wa vidole viwili. Anasema visu vikate kwa mbele, nyuma vipite hewani tu, la sivyo vinakata majani yaleyale mara mbili na trekta linalemewa. Nimeelewa yote. Mtoto anajua kufundisha. Hilo kalitoa kwangu.

Jumanne, 11 Machi

Tumejaribu kwenye kipande chetu kule chini. Vibaya sana. Kushoto imekata mpaka udongo, kulia imeacha majani yamesimama. Kama kichwa kilichonyolewa na mlevi.

Mama Edina, jirani, kaja kuegemea ua wake.

"Mama Tuse, hiyo ndiyo ya chuo? Mbona hata mbuzi wangu anakata sawasawa?"

Nikamwambia mbuzi wake hata njia ya nyumbani haijui. Tukacheka. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua kutwa. Hakuna kilichofanyika. Jioni nimemkuta Tusekile anakunja nguo zake na kuzipanga kwenye begi.

Nikageuka, nikarudi jikoni.

Alhamisi, 13 Machi

Kavikagua visu. Havijapinda, vina makali. Kapima upepo wa matairi, sawa kulia na kushoto. Karekebisha upya palepale uwanjani, kipovu katikati kabisa, nimekiona kwa macho yangu. Tukaenda kujaribu. Yaleyale. Kushoto kipara, kulia msitu.

Nikasema slasha ni mbovu, wamempa takataka makusudi. Akasema slasha ni nzima, mbovu ni yeye. Hilo neno limeniuma kuliko yote ya wiki hii.

Mashineni, nilipokwenda kusaga, nimesikia kwamba Jumamosi atajaribiwa pia Jofrey wa Mlowo, dereva wa siku nyingi. Mwanaume mmoja kwenye foleni akasema kazi hiyo ina wenyewe, wasichana wakapike. Damu ikanipanda. Nikasema mwanangu atafyeka shamba la kikundi mpaka mtandike mkeka pale mle ugali. Nikajisikia vizuri mpaka nilipofika nyumbani na kumsimulia.

"Mama," akasema, "usinisifie kwa watu. Subiri kwanza niweze."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa afadhali.

Ijumaa, 14 Machi

Leo niandike taratibu, maana nimekasirika, halafu nikaona aibu, halafu nikafurahi, vyote kabla ya chakula cha mchana.

Asubuhi Tusekile kakaa kwenye kigoda anatazama uwanja. Muda mrefu. Kisha kachukua ubao ulionyooka, kaulaza chini, pima maji juu yake. Kipovu kikakimbilia upande wa nyumba. Kausogeza. Kikakimbilia kulekule. Kausogeza tena.

"Mama, uwanja umelala."

Nikasema ubao ndio umepinda. Kaugeuza, kichwa huku, miguu kule. Kipovu hakikugeuka nao. Nikasema hicho kidude kimekufa. Alinitazama tu, kwa upole. Huo upole ndio ulionikasirisha.

Kumbe ndivyo. Uwanja umelala kuelekea migombani, na trekta lilipoegeshwa pale lililala nalo. Yeye akainyoosha slasha tu, trekta likiwa upande. Wakifika shambani, trekta linasimama wima, slasha inabaki upande. Mashine haikuwa na kosa wala yeye hakuwa na kosa. Kosa ni meza yangu.

Na nani kaulaza? Mimi. Mama mkwe alinifundisha kufagia kutoka mlangoni kwenda migombani, maana uchafu haurudishwi mlangoni. Kila asubuhi ufagio unaondoka na vumbi kidogo. Miaka yote hiyo! Sikuwahi kuona. Watu wanasifu migomba yangu ilivyonenepa, na mimi nakubali sifa. Kumbe imekula uwanja.

Nikaingia jikoni, nikapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Nilipotoka nikamwambia aende kwenye sakafu ya saruji, pale tunapopimia kahawa. Fundi aliyeijenga alikuwa mkorofi kwa vipimo, waashi wote walimkimbia. Tukaenda wote, mimi nyuma kwa miguu. Kwanza kaweka ubao. Kipovu kikatulia katikati kama kuku anayeatamia. Ndipo kaushusha ule mkono wa kulia, kaurekebisha upya na wa juu, kainua kidogo gurudumu la nyuma la slasha, kakaza nati.

Tumejaribu pembeni mwa barabara. Majani yamelala sawa, kulia na kushoto, huwezi kusema alipita wapi kwanza.

Nimepiga kigelegele. Peke yangu, barabarani. Mtu wa bodaboda kasimama akidhani kuna harusi.

Jumamosi, 15 Machi

Watu wengi. Nimevaa kitenge kipya.

Kaanza Jofrey, kwa slasha aliyokuja nayo. Haraka, anajua kazi, sitamnyima. Kashusha mpaka chini kabisa. Nyuma yake udongo mwekundu mtupu, safi kama uwanja uliofagiliwa. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipenda, nakiri. Sisi tumefunzwa hivyo, pasafi ni pale pasipo na jani.

Kaja Tusekile. Polepole, mistari imenyooka, hakugusa mche. Lakini kaacha majani urefu wa kiganja kote. Minong'ono ikaanza. Kachoka? Mbona hajamaliza? Nilitaka kupiga kelele, shusha, mwanangu, shusha! Nikauma pindo la kitenge.

Mwenyekiti wetu, Baba Elia, akamuuliza mbona kabakiza.

"Shikamoo tena, Baba Elia. Shamba hili ni mteremko, na mvua bado ipo. Haya majani mafupi yanashika udongo. Tukiyamaliza, mvua itaondoka nao."

"Majani yashike udongo!" mtu akasema nyuma. "Basi tuyatilie na mbolea kabisa!" Watu wakacheka. Tusekile akageuka kutazama majani yake. Nikaona kidevu chake kinatetemeka, kama alipokuwa mdogo.

Nikasimama. Sikupanga kusimama. Nikasema, mnaujua uwanja wangu. Wakasema tunaujua, Mama Tuse, umenyooka kama meza, umetuimbia sana. Nikasema si kweli. Umelala. Jana umepimwa. Udongo wake nimeufagia mwenyewe mpaka umekwenda migombani, na huo ulikuwa ufagio tu, si mvua. Mje muone.

Mama Edina akacheka, halafu wote. Wamenicheka sana. Uso uliniwaka. Lakini Baba Elia hakucheka. Akasema uamuzi kesho baada ya ibada.

Usiku huu mvua inapiga bati. Tusekile kalala. Begi lake sasa liko mlangoni.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada tumekwenda shambani na viatu vya kanisani. Upande wa Jofrey maji yamechimba vijito kati ya mistari, mizizi ya miche miwili iko nje, udongo umemwagika njiani. Upande wa Tusekile pamelowa tu.

Jofrey mwenyewe kakanyagakanyaga pale, kasema, "Dada, mimi kwetu Mlowo ni tambarare." Kampa mkono. Nimempenda.

Baba Elia kamkabidhi ufunguo. Wanawake wakanigeukia wote, wananisubiri. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni. Nikayameza. Nilimtengeneza kola tu.

Tusekile kampigia mama yake mdogo Tunduma, kamwambia haji. Nguo zimerudi kabatini.

Jumatatu, 17 Machi

Kaondoka mapema na trekta, kuanza mashamba ya ng'ambo ya bonde. Atakuwa huko mpaka jioni.

Nimechambua maharage. Mlio unafika mpaka hapa. Unasogea, unageuka, unarudi, mstari kwa mstari.

Mama Edina kapita na jembe. Kauliza mbona leo niko kimya, naumwa? Nikamwonyesha kwa kidole kule bondeni. Akasikiliza. Tukasikiliza wote wawili kidogo, kisha akaenda zake kupalilia, na mimi nikainjika maharage.