Pole ao Hongera

Mjukuu wangu Idi,

Asalam aleikum kutoka hapa Kamembe. Babu yako magoti bado yanamsumbua, lakini cherehani yake haijanyamaza. Umeniuliza: Rehema, mke wako, amejifungua kabla ya miezi kutimia, ukifika hospitali umwambie hongera ao pole? Baba, hata mimi sijui.

Mama yako naye alizaliwa mapema hivyo. Huku kwetu mzazi tunamuhemba, tunamletea uji wa mtama na maziwa. Niliporudi naye nyumbani, hakuna aliyeingia. Watu walifika mlangoni, wakasimama, wakaondoka. Hawakujua kama ni furaha ao msiba. Nami nilikaa na kile kitoto kifuani, sijui nicheke ao nilie.

Kisha jirani yetu Mama Zuhura akaingia na birika la uji. Akafungua mdomo, maneno yakamgongana: "Pongera!"

Tukatazamana. Nikacheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Hakuniambia ninyamaze. Hakuuliza mtoto ana kilo ngapi. Alisema, "Lete mutoto nimubebe. Weye kunywa uji, kisha ulale." Akamfunga kifuani kwake ndani ya kitenge, nikalala.

Mpaka leo sijui ile "pongera" ni neno gani. Najua tu kwamba Rehema wote wanamuuliza habari za mtoto tu, za kwake mwenyewe hakuna anayeuliza. Maneno yakikupotea mlangoni, ingia hivyo hivyo na uji wako, usipoe.

Bibi yako