Mtaalamu wa Urithi

Bakoba, Bukoba
8 Septemba 1968

Mdogo wangu Immakulata,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, kikohozi ulichonieleza mwezi wa Julai kimekwisha, na watoto wa darasa lako hawakuchoshi sana. Mimi mwili mzima, ila kukaa kitako siwezi. Mwenye nyumba wangu, Mzee Ayubu, anasema nitaimaliza saruji ya baraza lake kwa kutembea huku na huku. Mkewe, Bi Shamsa, analalamikia mlimau wake, ambao viwavi wangu wameubakiza miba. Wote wanakusalimu.

Kazi inaendelea. Yule mtafiti wa Kizungu niliyeanza kumbebea wavu mwaka 1959 alipoondoka baada ya Uhuru, vizimba vya vipepeo vilibaki mikononi mwangu, na sasa wakubwa wa Dar es Salaam wananihimiza nipeleke matokeo. Swali ni lile lile: kwa nini kuna kipepeo ambaye madume wake wote wanafanana, lakini majike wana sura nyingi, utadhani hawana undugu. Kazi hii kwa Kiswahili huitwa utafiti wa urithi, na neno hilo ndilo lililoniponza.

Jumamosi tarehe 31 Agosti niliitwa nyumbani Buganguzi. Nilikuta wazee wa ukoo wamekaa, rubisi ya ndizi imeshamiminwa, na baba mdogo Rutashobya akaniambia nimecheleweshwa na serikali lakini nimefika. Kumbe walikuwa wamesikia kwamba nalipwa kwa ajili ya urithi, wakaona hawana haja ya kwenda mahakamani. Niliwaeleza kwamba mimi ni wa vipepeo. Hawakujali.

Nikuambie wazi, shauri lilikuwa lako. Viongozi wa kijiji wanakaribia kupima mashamba, na baba mdogo alitaka kipande cha kule kijitoni alichokuachia marehemu Tata, baba yetu, kirudi kwake. Alisema hufanani na mtu yeyote wa nyumba ile, kwa hiyo si damu ya kaka yake. Akawataka watu waikumbuke pua yako. Mzee Aroni akamjibu kwamba kama shamba linagawiwa kwa pua, basi yeye Rutashobya alipaswa kupewa Muleba nzima. Watu walicheka, ila baba mdogo hakucheka. Alinigeukia akaniuliza kama mtoto anaweza kuzaliwa asifanane na wazazi wala ndugu.

Nikasimama. Nikawaeleza juu ya jike mmoja mweusi mwenye madoa meupe, aliyetaga kwenye majani ya mlimau. Mayai yake niliyalea mimi mwenyewe, na mabinti waliotoka, wengine walikuwa kama yeye, wengine wa rangi ya kutu, tofauti kabisa. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma, “Mama mmoja, baba mmoja.”

Wazee wakaguna. Kufika jioni tulikuwa kijitoni tunapanda milamula ya mpaka, na baba mdogo mwenyewe alishika jembe, ingawa hakunitazama. Kipande ni chako.

Sasa nikuambie kinachoninyima usingizi. Jike yule nilimnasa msituni kwa wavu. Alikuwa tayari amekwisha kupandwa, na dume aliyempanda sikumwona. Huenda walikuwa wawili. Mama mmoja nilimjua. Baba mmoja nilimwongeza pale pale kikaoni, kwa sababu nilitaka ushinde. Katika ripoti ya Dar es Salaam siwezi kuandika maneno hayo. Nimeanza upya, namtenga jike kabla hajakutana na dume yeyote.

Kesho yake, tuliporudi misani, nilimfuata Mae jikoni akiwa anamenya ndizi, nikamweleza mama yetu kwamba ushahidi wangu ulikuwa na kasoro. Aliendelea kumenya. Kisha akasema, “Ishengoma, kikao kizima mlikuwa mnazungumza habari zangu, na hakuna aliyeniuliza mimi. Hata wewe uliyesoma, ukaenda kuwauliza wadudu.”

Nilitaka kumuuliza pale pale. Nikaondoka kwenda kuwahi gari la Kemondo, ingawa lilikuwa limebakiza saa nzima kufika.

Shamba halihusiani tena na jambo hili. Tata alilitamka mbele ya mashahidi kwamba ni lako, na hayo ndiyo maneno niliyopaswa kuyasema tangu mwanzo, nikawaacha vipepeo kwenye vizimba vyao. Lakini Mae anangoja, nami naona anangoja. Jumamosi tarehe 28 nitarudi Buganguzi. Nimuulize, au nisimuulize? Anayezungumziwa ni baba yako, kwa hiyo sitafungua mdomo kabla sijapata neno lako. Ukinyamaza, nitakaa naye tu jikoni nimsaidie kumenya.

Wasalimie walimu wenzako, na dawa ya kikohozi uimalize hata ukijisikia umepona.

Ni mimi kaka yako,
Ishengoma