Mti Wangu, Kinywa cha Chiriku

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumamosi, nguo zikiwa bado kambani.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. U mzima? Kile kifua kimepona, au bado unawapa watu dawa huku mwenyewe unakohoa nyuma ya kaunta? Baba anasema wafamasia ndio wagonjwa wabishi kuliko wote. Kunywa dawa, tafadhali.

Sisi hatujambo. Goti la Mama limetulia. Baba ana kazi ya madawati, kwa hiyo nyumba nzima inanuka gundi na hata chai ina vumbi la mbao.

Mzizi wa neno uliouweka katika barua yako ya mwisho umefika salama. Nimeugongelea msumari siku hiyohiyo. "Tele", yaani mbali, kutoka Kigiriki. Tayari una watoto watatu: telefoni, yaani sauti ya mbali; teleskopu, yaani kutazama mbali; na televisheni. Huyo wa mwisho nimegundua kwamba mama yake ni Mgiriki na baba yake ni Mlatini. Nilicheka peke yangu mpaka Mama akaja kunipima homa kwa kiganja.

Hujauona mti wenyewe wa maneno, kwa hiyo nikueleze. Ni ubao wa plaiwudi ambao mteja aliukataa kwa sababu umepinda pembeni. Nimeuegemeza ukutani juu ya kitanda changu. Kila mzizi ulionitumia nimeuandika kwenye kibao kidogo, na maneno ya Kiingereza yaliyozaliwa nao yananing'inia chini yake kwa uzi, kama funguo. Baba alipouona alisema, "Nondo wewe, umekula vitabu umemaliza, sasa umeanza mbao zangu."

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu kabla ya tarehe ya zamu yangu ya kukuandikia. Shangazi, nina wivu. Nimetafuta neno la heshima zaidi nimelikosa. Ninamwonea wivu mwanao, Chiriku.

Chiriku alipokuja kuishi nasi muhula huu nilimpokea vizuri, nikampa kitanda cha dirishani. Unamjua. Anaongea akila, anaongea akipiga mswaki, na akilala anamalizia. Baba, ambaye mimi hunijibu "mh", yeye anabishana naye mpaka randa inapoa mkononi. Mama humcheka hadi anashika mbavu. Hayo yote niliyavumilia. Nilijiambia kila mtu na kipaji chake.

Kisha Mwalimu wa Kiingereza akauliza darasani nani ataongea siku ya wazazi kuhusu maneno ya Kiingereza yalikotoka. Jibu nilikuwa nalo kabla hajamaliza swali. Mkono wangu ulikuwa njiani, umefika usawa wa sikio. Wa Chiriku ulikuwa umeshafika darini. Akasimama akamwaga: "port" ni kubeba, "aqua" ni maji, "manus" ni mkono, kwa Kilatini yote hayo. Kumbe usiku, nilipodhani anatazama mbu, alikuwa anausoma ubao wangu kibao kwa kibao. Mwalimu akasema, "Basi msemaji tumempata."

Na siku ya wazazi iko katika wiki ile ile unayokuja likizo. Utaketi mbele, umetoka safari yote hiyo, na utakayemsikia ni yeye.

Shangazi, yeye ana macho yako. Ana vidole vyako virefu. Baba anaapa kwamba hata chafya yake ni yako. Mimi nilikuwa na mizizi tu. Nilidhani kitu hicho kimoja ni changu na chako.

Jumatano alifanya mazoezi mbele ya darasa. Alianza vizuri, mpaka akafika kwenye "helios", yaani jua. Akasema helikopta ni mjukuu wa jua kwa sababu hupanda kulifuata. Mwalimu wa fizikia alikuwa amesimama mlangoni akisubiri kipindi chake. Akasema, "Binti, helikopta na jua hawana undugu. Neno hilo limeungwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: mzunguko, kama wa parafujo, na bawa." Darasa zima likaangua kicheko.

Kosa lilikuwa langu. Niliona nyuso zinafanana nikadhani ni ukoo mmoja, nikamtundika helikopta chini ya jua bila kufungua kamusi. Nikajikunja nikingoja Chiriku aninyooshee kidole.

Hakuninyooshea. Aliinama kama mwigizaji jukwaani, akasema, "Jamani, tusameheni, tumembambikia jua mtoto." Wakampigia makofi! Sasa wanamwita Mjukuu wa Jua, na anaitika. Mimi ningeingia chini ya dawati na wangenikuta humo muhula ujao. Yaani hata kosa langu limempendeza yeye kuliko mimi.

Tulipokuwa tunazoa maranda karakanani nikamuuliza, "Kwa nini hukusema ni mimi niliyeandika?"

"Ungezimia. Nani angekubeba? Mimi nilikuwa na mkoba."

Hapo nilitakiwa kusema asante. Badala yake nikamwambia atafute mti wake, kwa maana ule ni wangu mimi na mama yake.

Chiriku akanyamaza. Chiriku kunyamaza ni kama jokofu likizimika: ndipo unapojua kwamba lilikuwa likinguruma muda wote. Akazoa maranda yaleyale mara mbili. Kisha akasema, "Dada, wewe anakuandikia kurasa. Mimi kwenye simu ni umekula, umesoma, umevaa sweta, haya mpe mjomba. Akija tutaongea nini? Sweta?"

Siku zote nilijiona mimi ndiye mwenye njaa peke yangu mezani.

Sitaki kukudanganya kwamba wivu umeisha. Upo, na usiku ukizima taa unang'aa. Nilikwenda maktaba nikafungua ile kamusi kubwa kutafuta lilikotoka neno la Kiingereza la wivu. Limetokana na mzee mmoja wa Kigiriki, "zelos", na mzee huyohuyo ndiye aliyezaa neno la Waingereza la bidii, "zeal". Nimelitengenezea kibao. Nimemwachia Chiriku akigongelee, ijapokuwa anapiga msumari kama anayeua nyoka.

Kwa hiyo nina ombi. Mwandikie mwanao mzizi. Bahasha iwe na jina lake, usiupitishie kwangu, maana nitaufungua. Mchagulie mzuri. Lakini usiwe mzuri kama "tele". Huo niachie.

Kuhusu siku ya wazazi tumekubaliana hivi: yeye ataongea, mimi nitashika ubao. Nimekagua vibao vyote kwa kamusi, na helikopta nimemrudisha kwa wazazi wake halali.

Baba anakusalimu, anasema uje na kifua kizima. Mama anauliza kama viatu ulivyomletea mara ile bado vinauzwa. Chiriku amesimama mgongoni kwangu anauliza ninaandika nini. Nimemwambia ni hesabu, na ameondoka haraka. Msalimie mfamasia mwenzako anayekuchekesha, na yule mama wa ghorofa ya chini anayekupokelea barua zangu.

Mungu akukinge na baridi ya huko, akuepushe na ubishi wako mwenyewe, na akulete kwetu salama.

Siku hiyo mpigie makofi mwanao, hata kwa nguvu. Ukishamaliza, nitafute. Ubao ni mkubwa kuliko mimi, kwa hiyo utaona miguu na ncha za vidole tu pembeni. Vitazame hivyo vidole, Shangazi.

Ni mimi wako nikupendaye, kwa zamu yangu na isiyo yangu,

Nondo