Ngamia Niliyemficha Ikran

Griftu,
Machi 1996

Walaal, mdogo wangu Saynab,

Salaam aleikum, na rehema za Mungu ziwe juu ya nyumba yako yote hapo Garissa. Goti lako linaendeleaje? Nasikia umeacha dawa. Ulikuwa mkaidi tangu tukichunga mbuzi, sishangai. Mimi mzima, alhamdulillahi. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, maana darasa la gumbaru halikunishinda kama ulivyotabiri. Binti yako Naimo akusomee polepole, tena mpaka mwisho.

Mjukuu wangu Ikran amepita mchujo. Unakumbuka wale walimu wa Nairobi waliochukua vijana wanane wa huku kwetu na Turkana, wawaandae kusomea udaktari wa utafiti wa magonjwa, kwa kuwa watu wetu hawafiki huko? Wanne tu ndio wangepelekwa ng'ambo, na kila mmoja ilibidi asimame na kazi yake mbele ya wakubwa. Ikran alichagua dhukaan, ule ugonjwa wa ngamia unaoletwa na nzi. Alikuja na chupa zake akaniambia, ayeyo, nionyeshe wagonjwa kwa pua. Nikamwuliza kama miaka yote hiyo shuleni hawakumfundisha kunusa. Ngamia akikojoa nachukua mchanga uliolowa, nanusa, nasema. Mama alitufundisha hivyo, na wewe ulikuwa unaziba pua.

Kati ya ngamia arobaini nilimtajia wagonjwa kumi na mmoja. Akatoa damu ya wote, akarudi nayo Nairobi. Darubini yao ya vijidudu ikawaona wangu wote kumi na mmoja, hata wale ambao vijidudu vyao vilikuwa vichache, vya kutafuta. Lakini ikamwona na wa kumi na mbili, niliyesema mzima, damu yake imejaa vijidudu tele. Mwalimu mmoja akasema basi huyo bibi anabahatisha. Shuaib, mmoja wa wale vijana wanane, akamshauri Ikran amfute ngamia huyo kwenye karatasi, nani atajua. Ikran akakataa. Siku mbili kabla ya kusimama akaniita kwa redio ya mawasiliano iliyo dukani kwa Olow. Unaijua redio ile, soko zima linasikiliza. Akaniuliza kama yule nilimnusa. Kwanza nikamkaripia. Halafu nikasema nilimnusa, nilijua, nikadanganya, kwa sababu ni wa kuazimwa, na mtu aliyeazimwa ngamia wa maziwa akamwacha augue ataweka wapi uso wake.

Basi akawaambia wakubwa hivyohivyo: pua ya ayeyo haikukosea, aibu ndiyo iliyosema, na anayetafiti magonjwa yetu bila kuijua aibu hiyo atahesabu vibaya. Wamempa nafasi ya kwanza. Anaondoka Septemba. Leo nimepita sokoni mara tatu bila haja ya kununua kitu.

Sasa, Saynab, kaa chini. Ngamia huyo ni wako, yule uliyenipa nikamue mwaka juzi. Kila ulipotuma mtu kuniuliza nilisema amenona. Alikuwa mifupa. Ikran alimletea sindano, sasa anakula, lakini maziwa hayajarudi. Kosa ni langu, nisamehe. Njoo uchague jike yeyote katika wangu, hata yule mweupe, na usijifanye hutaki.

Nisalimie watoto, na jirani yako Fartun aliyesema wasichana wa Griftu hawana kichwa cha kusoma. Mkimaliza, msomeeni na yeye.

Dada yako mkubwa,
Maka