Fungu la Juya

Kaka Shaabani,

Nimekukasirikia, na najua marehemu hakasirikiwi. Lakini ungenizaba kofi siku ile ufukweni, mbele ya wakwe zako wote, leo nisingekuwa hapa ugenini Marshalltown na sare yangu ya ulinzi, nimekodolea macho furushi la samaki nililoshindwa kulifungua.

Siku yenyewe unaikumbuka. Meli yetu ilitia nanga Ufilipino, nikaomba ruhusa, nikaja kijijini kwa mkeo Marisel. Nikakukuta umeshakuwa mtu wa kule: unapasua samaki mgongoni, unawatia chumvi, unawaanika kwenye vichanja vya mianzi, na wanawake wanakutania eti unatia chumvi kama umegombana na samaki. Asubuhi tukavuta juya, ule wavu mkubwa wa kuburura mpaka ufukweni. Kijiji kizima kwenye kamba, hata mjamzito, hata padri. Samaki walipomwagwa, mama mkwe wako akagawa. Kila aliyegusa kamba ana fungu lake, ndiyo desturi yao.

Mimi nikapewa visamaki vitano kwenye jani la mgomba. Nikaona nimedharauliwa. Baharia mzima, na viatu vya ngozi! Nikavirudisha kapuni, nikasema, "Mimi siyo ombaomba." Nilisema Kiswahili, lakini mkono wangu waliuelewa wote. Mama mkwe wako akatazama chini. Wewe ukaniambia taratibu tu, "Hapa anayekataa fungu amewakataa watu." Basi. Hukugomba. Upole wako ule unanichoma mpaka leo. Ningepigwa, ningejua pa kuanzia kuomba radhi.

Sasa nikwambie usichokijua. Nilipofika Tanga, Mama aliniuliza habari zako hata sijakaa. Nikamwambia umenifukuza, hutaki tena kusikia mambo ya kwetu. Tangu hapo akaacha kukutaja. Simu zako hakupokea. Miaka yote hiyo ulidhani Mama ana kinyongo na ndoa yako. Kinyongo kilikuwa changu, Kaka. Mimi muongo, mimi mshenzi. Hata msiba wako ulipofika, Mama hakuweka matanga. Nilikuwa nimeshakuzika kabla hujafa.

Juzi mpwa wa Marisel, baharia naye, alishuka Durban akanitumia hilo furushi. Juu limebandikwa barua. Marisel anasema kila juya lilipovutwa ulitaka fungu la mdogo wako litengwe, likapewa jirani kwa jina langu. Hili la mwisho, baada ya mazishi yako, wameniwekea mwenyewe.

Siku tatu limekaa juu ya kabati. Mkongo ninayeishi naye, fundi cherehani, kafungua madirisha yote kwa harufu. "Eish, mzee, na hawa nao wamehamia hapa?"

Leo mchana nilipotoka zamu nikampigia Mama. Nikamwambia yote, kuanzia jani la mgomba mpaka uongo wangu. Msamaha sikuuomba, na hakunipa. Aliuliza kitu kimoja.

"Hao samaki umewala?"

"Bado, Mama."

"Kula. Usimkatae mara ya pili."

Nikasikia anamwita shangazi atandike mikeka, watu waje kukulilia.

Nimewakaanga. Mkongo nimempa fungu lake, langu nimekula mpaka miiba. Chumvi kali, Kaka. Bado unagombana na samaki.

Lala salama.

Mdogo wako, niliyeshika kamba.